Kansa ya titi imefika kwenye mifupa: tumvushe mama mkubwa aje Uganda au tuchange aende India?

MtotoWaRwenzori anauliza:

Wakubwa, habari za jioni. Niko Kasese, Uganda. Mama mkubwa yuko Butembo, Kongo, ana miaka 57. Kansa ya titi la kushoto ilithibitishwa mwaka jana kwa kipimo cha nyama, akapata kemo mara nne, pesa ikakata. Titi sasa limefumuka kidonda, linanuka, na mgongo unamuuma katikati kiasi kwamba usiku anasinzia akiwa ameketi. Madaktari wa huko wamesema imeingia mifupani na upasuaji haupo tena. Anameza tramadoli, vidonge viwili vya miligramu 50 mara tatu kwa siku, na diklofenaki ya sindano kila inapopatikana.

Kikao cha familia kimegawanyika. Wajomba wanataka tuchange dola aende India. Mimi naona hatutafuti tena kumponya, tunatafuta alale usiku. Nauliza: kuna kitu cha kutuliza maumivu kilichoko India ambacho Uganda hakipo? Akivuka mpaka wa Mpondwe tuanzie wapi? Na akishapewa dawa, anaweza kurudi nazo Kongo?

---

NesiWaShufaa:

Pole sana, ndugu. La kwanza nalijibu kwa neno moja: hapana. Maumivu ya kansa ya mifupa yana dawa mbili kubwa duniani kote, mofini ya kunywa na mionzi, na Uganda ziko zote. Hapa mofini ya maji ilianza 1993, hospisi ya Kampala ilipoanzishwa na Daktari Anne Merriman. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu hata wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma shufaa (ya kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi) kuiandika, si madaktari peke yao. Hutengenezwa Makindye kwa unga wa mofini na maji, serikali inagharimia, mgonjwa hauziwi. Ukidaiwa bei ya chupa ya mofini popote, jua kuna mtu anafanya biashara yake.

Sasa hesabu ya mama mkubwa. Tramadoli miligramu 300 kwa siku ni kama mofini ya kunywa miligramu 30. Kwa hiyo mwandikaji huenda akamwanzishia miligramu 5 kila saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku anapewa maradufu, miligramu 10, ili asiamshwe saa 8 za usiku. Jumla inarudi 30 ile ile. Tofauti ni kwamba tramadoli ina dari, ukifika miligramu 400 kwa siku huongezi tena, wakati mofini huongezwa hatua kwa hatua hadi maumivu yatulie. Tramadoli inasimamishwa siku hiyo hiyo. Kuzimeza pamoja hakuna faida, kunaongeza usingizi na kichefuchefu tu.

Kosa ninaloliona kila mara ni kumpa mgonjwa dawa anapolia. Mofini inapewa kwa saa, hata kama wakati huo haumii. Maumivu yakipenya katikati, anaongezewa dozi moja ya ziada ya kiasi kile kile, na mnaandika kwenye daftari. Mtakaporudi kwa muuguzi, daftari hilo ndilo litakaloamua dozi mpya. Msipoandika, atabahatisha.

Choo: mofini hufunga choo kwa karibu kila mgonjwa, na hali hiyo haizoeleki. Bisakodili, kidonge cha kulainisha choo, miligramu 5 hadi 10 kila usiku tangu siku ya kwanza, msisubiri afunge. Ikikosekana, hospisi za huku zimezoea mbegu za papai zilizokaushwa, anatafuna chache usiku. Kichefuchefu huja wiki ya kwanza na kuondoka, metoklopramidi miligramu 10 mara tatu inatosha. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo usiwatishe, mara nyingi ni deni la usiku zote ambazo hakulala. Cha kutisha ni mtu asiyeamshika, au anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika. Hapo dozi inarukwa na anakimbizwa hospitali.

Diklofenaki ya kudungwa ovyo mimi ningeiacha. Inaumiza figo, na figo zikilegea mofini hujikusanya mwilini: mgonjwa anaanza kushtukashtuka misuli na kuona vitu ambavyo havipo. Watu husema "mofini imemchanganya" kumbe ni diklofenaki.

Kidonda. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe. Dozi ya mofini itangulie nusu saa kabla ya kuosha. Kitambaa cha zamani kisibanduliwe kikavu, kilowesheni mpaka kiachie chenyewe, la sivyo damu. Baada ya kuosha, sageni vidonge vya metronidazoli vya miligramu 200 viwe unga laini na munyunyize juu ya kidonda kila siku. Harufu inatoka kwa bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na metronidazoli inawaua hao hasa, kwa hiyo ndani ya siku chache chumba kinabadilika. Tafuteni vidonge visivyo na ganda la rangi, vyenye ganda havisagiki vizuri. Spiriti na haidrojeni peroksaidi mziweke mbali. Pamba safi ya shuka kuukuu iliyokatwa, ikafuliwa na kupigwa pasi, inatosha kabisa kufunika.

Kabla ya kumvusha, mtu apige simu hospitali ya Bwera, hapo hapo ng'ambo ya mpaka, na Kagando. Swali liwe hili: "Leo mna mwandikaji wa mofini, na chupa ziko stoo?" Yote mawili. Stoo iliyojaa bila mwandikaji haikusaidii, na mwandikaji bila chupa atakupa barua tu.

---

MizaniYaDawa:

Nesi kasema mengi, mimi naongeza ya chupa.

Mofini ya maji ya Uganda ina nguvu tatu, na rangi ndiyo inayozitofautisha: kijani ni miligramu 5 katika mililita 5, nyekundu ni miligramu 50 katika mililita 5, buluu ni miligramu 100 katika mililita 5. Umeona hatari iko wapi? Kijiko kile kile kikitoka chupa nyekundu ni dozi mara kumi. Mama mkubwa ataanza na kijani. Siku mkipewa nyekundu, chupa ya zamani irudishwe au imwagwe, zisikae rafu moja. Na soma lebo, rangi iwe ya kukukumbusha tu. Usiku kwa mwanga wa simu kijani na buluu vinafanana.

Pima kwa bomba la sindano lenye alama za mililita, bila sindano yenyewe. Kijiko cha jikoni kinaweza kubeba mililita 3 au 7.

Hesabu ya akiba: miligramu 30 kwa siku za kijani ni mililita 30. Chupa ya nusu lita inakwenda siku 16. Akihitaji dozi mbili za ziada kila siku, ni mililita 40, chupa inaisha siku ya 12. Kwa hiyo siku ya 9 mtu awe ameshapanga kwenda kuchukua nyingine. Mofini ikikatika ghafla baada ya wiki kadhaa, maumivu yanarudi yote kwa pamoja na juu yake jasho, kuhara na kutetemeka.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la tatu. Mofini ni dawa inayodhibitiwa na sheria katika kila nchi, na karatasi ya Uganda haimlazimishi ofisa wa Kasindi, upande wa Kongo wa mpaka. Anayevuka nayo awe mgonjwa mwenyewe, chupa ikiwa na lebo yake ya asili yenye jina lake, pamoja na barua yenye muhuri inayotaja ugonjwa, dozi kwa siku, na jumla ya mililita anazobeba. Hiyo ni njia ya kupita safari moja. Ndugu kuchukua chupa kila wiki mbili na kuzivusha kwenye mfuko wa sokoni au kuimimina kwenye chupa ya soda ni kujitafutia kesi mbili, moja kila upande. Ushauri wangu: akae kwako Kasese. Dawa iwe upande mmoja na mgonjwa.

Jambo jingine ambalo familia husahau kabisa: ombeni bloku ya kipimo chake, kile kipande cha nyama kilichogandishwa kwenye nta. Kikipimwa vipokezi vya homoni (sehemu za kansa ambazo homoni hujishika) na vikionekana vipo, kuna tamoksifeni, kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, cha bei ndogo. Haiponyi kansa iliyosambaa, lakini inaweza kuirudisha nyuma kwa miezi mingi, na kidonda na mifupa vikapata nafuu.

---

Boda_hadi_Mulago (mratibu wa wagonjwa):

Habari MtotoWaRwenzori. Nianze na India kwa sababu ndiyo inayowagawanya.

Mionzi ya kutuliza maumivu ya mfupa mmoja hupigwa mara moja tu, grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi), mgonjwa anashuka mezani na kwenda nyumbani. Tafiti nyingi zimelinganisha dozi hiyo moja na ile ya siku kumi, nafuu ya maumivu ni sawa. Tofauti ni kwamba waliopigwa mara moja hurudia zaidi baadaye. Nafuu inakuja polepole, wiki mbili hadi nne, na siku mbili tatu za mwanzo maumivu yanaweza kupanda kwanza, kwa hiyo mofini haisimami. Sasa pima mwenyewe: nauli za watu wawili, viza ya matibabu ya mgonjwa na ya mhudumu, chumba na chakula vya mwezi mzima, kwa kitu kinachopigwa asubuhi moja.

Wazee watasema mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, ni mbovu. Wanakumbuka 2016, ilipokufa mashine pekee ya nchi nzima na wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Zilikuja nyingine, na siku hizi Taasisi ya Kansa iliyoko hapo Mulago ina zaidi ya moja. Foleni lakini ipo, tena ndefu, hilo silifichi. Mkifika sema wazi kwamba mnaomba mionzi ya kutuliza, dozi moja, na mtaje mfupa unaouma. Mgonjwa wa dozi moja ni rahisi kupenyezwa kuliko wa wiki sita.

India ina maana kwa anayefuata tiba ambayo hapa haipo na mwili wake bado unaweza kuibeba. Na hata huyo ana kikwazo ambacho mawakala hawakitaji: anayetoka Uganda au Kongo bila kadi ya manjano (ya chanjo ya homa ya manjano) anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6 akitua India. Chanjo yenyewe inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Tena ni chanjo hai, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu aliye kwenye kemo au steroidi nyingi (dawa kali za kupunguza uvimbe) hapaswi kuchomwa, anahitaji barua ya msamaha kutoka kituo cha chanjo.

Safari ya kuja huku. Barabara ya Beni hadi Kasindi mnaijua kuliko mimi, isafiriwe mchana. Pale Mpondwe kuna kunawa mikono na kupimwa joto, na tangu Ebola ilipovukia eneo hilo Juni 2019 hawana mzaha na mwenye homa au anayetoka damu. Mama mkubwa ana kidonda kinachovuja. Kifungwe vizuri asubuhi hiyo, na barua ya hospitali inayosema kidonda ni cha kansa, tangu lini, iwe mkononi wala si chini ya begi. Mwambieni mhudumu wa afya kabla hajauliza. Njia za panya msijaribu, kwa sababu mgonjwa asiye na muhuri wa kuingia atakwama Kampala mtakapoombwa karatasi zake. Pale uhamiaji semeni ni matibabu na muombe siku za kutosha tangu mwanzo.

Za kubeba: pasipoti, jibu la kipimo cha nyama, bloku aliyoitaja MizaniYaDawa, picha zote za mgongo na kifua (filamu zenyewe, maelezo peke yake hayatoshi), orodha ya kemo alizopata na tarehe zake, na kipimo kipya cha damu na figo. Karatasi za Butembo ni za Kifaransa. Zifasiriwe Kiingereza mapema, halafu beba zote mbili, ya asili na tafsiri. Kampala muulize mapema kama asiye raia anaingizwa wodi ya kawaida au ya malipo, msije mkashtukia bili siku ya kutoka.

Faida moja ya Kasese ambayo haiandikwi popote: kama mama mkubwa anazungumza Kinande, wauguzi Wakonzo wataelewana naye bila mkalimani. Mtu akieleza maumivu kwa lugha ya mama yake, dozi inapatikana haraka zaidi. Mulago mtahitaji mtu wa kutafsiri.

---

MtotoWaRwenzori:

Asanteni mno, nimeshatuma haya yote kwenye kundi la familia. Nimeongea na binti yake sasa hivi. Anasema tangu juzi miguu ya mama ni mizito, akisimama magoti yanakunjika, na leo tangu asubuhi hajapata mkojo. Maumivu yanamzunguka kifuani kama mkanda. Tulifikiri ni uchovu. Tupange kusafiri wiki ijayo?

---

NesiWaShufaa:

Si wiki ijayo. Leo. Acheni kwanza mambo ya India.

Maumivu ya mkanda, miguu kukosa nguvu na mkojo kukatika, hayo matatu kwa mtu mwenye kansa ya mifupa ya mgongo maana yake ni kwamba uvimbe unabana neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Hii ni dharura ya saa. Wanaoanza matibabu wakiwa bado wanatembea, wengi hubaki wakitembea. Aliyepooza kabisa kwa siku moja au mbili, mara chache miguu inarudi.

Usiku huu, akiwa Butembo bado, aende hospitali iliyo karibu na mseme maneno haya: "Tunahofia mgandamizo wa uti wa mgongo." Waombeni deksamethasoni, aina ya steroidi, miligramu 16. Hiyo ipo karibu kila hospitali, inapunguza uvimbe kuzunguka neva na kuwanunulia muda wa safari. Waambieni waanze kwa sindano: vidonge vingi vya madukani ni vya nusu miligramu, angehitaji kumeza 32. Diklofenaki ikome saa hiyo hiyo, ikikutana na steroidi tumbo linaweza kutoboka. Aongezewe omeprazoli miligramu 20 ya kulinda tumbo, na sukari ipimwe. Awekwe mpira wa mkojo kabla ya kuingia kwenye gari.

Abebwe amelala chali. Kumgeuza ni watu watatu kwa pamoja, mabega, nyonga na miguu vikizunguka kwa mpigo mmoja, kama gogo.

---

Boda_hadi_Mulago:

Hapo mpango wangu wa juu unabadilika: msipumzike Kasese. Kutoka Mpondwe moja kwa moja Mulago, zaidi ya kilomita 400 kwa kupitia Fort Portal, kwa hiyo mpaka uvukwe mapema asubuhi. Bwera msimame tu kuchukua mofini ya njiani na barua ya rufaa yenye maneno "mgandamizo wa uti wa mgongo, dharura ya mionzi". Barua hiyo ndiyo inayowatoa kwenye foleni niliyoisema.

Gari liwe lile ambalo viti vya nyuma vinalala, godoro jembamba gumu chini, mto mmoja kichwani na blanketi zilizokunjwa kila upande wa kiwiliwili asiyumbe kwenye kona. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa nyonga. Kila saa mbili simameni, mgeuzeni kama Nesi alivyosema, na tazameni visigino na makalio. Asiyehisi miguu hawezi kuwaambia ngozi inachubuka.

---

MtotoWaRwenzori:

Wako hospitali, wamemchoma deksamethasoni saa 3 usiku na mpira umewekwa. Dereva tumempata, wanatoka alfajiri. Mofini hakuna huko, wamempa tramadoli tu. Aendelee nayo?

---

MizaniYaDawa:

Aendelee na vile viwili mara tatu hadi Bwera, asizidishe hata kama barabara inamtesa. Vikipita 400 kwa siku, tramadoli inaweza kumletea degedege. Parasetamoli gramu 1 kila saa sita inaweza kuongezwa, lakini andikeni saa aliyomeza na mmweleze mpima joto wa Mpondwe, kwa sababu inashusha homa na atataka kujua. Pigia Bwera saa 2 asubuhi wakifungua stoo, wape jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, chupa iandikwe lebo kabla gari halijafika.